Maswali Yenu: Bastola, Taima na Hesabu ya Alama

Barua za safari hii karibu zote zinahusu ule mchezo wa bastola ambao mshindani hasimami mahali pamoja. Anakimbia, anachungulia pembeni mwa ukuta wa mbao, anapiga shabaha za karatasi na za chuma, huku taima ikihesabu sekunde. Kila mpangilio wa shabaha huitwa kozi. Mchezo huo unasimamiwa na shirikisho la kimataifa la IPSC, lililoanzishwa mwaka 1976 mjini Columbia, Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Kaulimbiu yake ni ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas, yaani usahihi, nguvu, kasi. Mengi mliyouliza yanatokana na ugomvi wa hayo matatu.

"Kozi ya karatasi nane, risasi mbili kila karatasi. Nimemaliza kwa sekunde 12.60, mwenzangu katumia 14.80. Nilipata A tisa, C nne, D mbili, moja ikaenda nje. Yeye alipata A kumi na tatu na C tatu. Nimeambiwa kanishinda kwa mbali. Kwa kukosa risasi moja tu?" (Msomaji, Njiro, Arusha)

Ndiyo kaka, kwa risasi moja tu, na hesabu yake inafaa uijue kabla ya kununua chochote kipya.

Karatasi ina maeneo matatu. A ya katikati ni alama 5 kwa kila mtu. Ukipiga kwa risasi za nguvu ndogo (kipimo chake kiko kwenye barua ya Pasua hapo chini), kama wanavyofanya wengi wenye bastola za milimita 9, C ni alama 3 na D ni 1. Wenye nguvu kubwa hupewa 4 na 2. Ukikosa unakatwa 10, na ukiitoboa karatasi ya marufuku, ile isiyotakiwa kupigwa, unakatwa 10 vilevile. Jumla ya alama hugawanywa kwa sekunde, na jibu linalopatikana, alama kwa sekunde, ndilo linalowapanga washindani.

Mwenzako: A 13 ni 65, C 3 ni 9, jumla 74. Gawanya kwa 14.80, unapata 5.00. Wewe: 45 na 12 na 2 ni 59, toa 10, zinabaki 49. Gawanya kwa 12.60, unapata 3.89. Kozi ilikuwa na alama 80 za juu kabisa. Aliyeongoza huzichukua zote 80, wengine hupewa asilimia yao. Wewe una asilimia 77.8 ya mwenzako, kwa hiyo umeandikiwa alama 62.2. Pengo ni karibu 18 katika kozi moja.

Sasa tuseme uliiona ile risasi ikienda nje, ukapiga ya tatu kwenye karatasi ileile, ukapata C na kupoteza nusu sekunde. Alama zako zingekuwa 62 kwa sekunde 13.10, sawa na 4.73, na kwenye karatasi ya matokeo ungeandikiwa 75.7. Nusu sekunde ingekurudishia alama zaidi ya 13. Kanuni inaruhusu: katika kozi ya namna hiyo unapiga risasi nyingi utakavyo, na matundu mawili bora ya kila karatasi ndiyo yanayohesabiwa.

Wengi hudhani kukosa kunagharimu alama kumi. Kunagharimu kumi na tano, maana umekatwa kumi na umekosa zile tano za A. Kwenye kozi inayochezwa kwa alama 5 kwa sekunde, hizo ni sekunde tatu nzima. C badala ya A ni alama mbili pungufu, yaani sekunde 0.4, na D ni sekunde 0.8. Lakini nenda kwenye kozi fupi, karatasi ziko mita 5, ambako walio mbele wanafikia alama 10 kwa sekunde: C inagharimu sekunde 0.2 tu na kukosa kunagharimu 1.5. Ndiyo maana mchezaji mzoefu hapigi kila kozi kwa mwendo mmoja. Karibu anaachilia, anakubali C mbili tatu. Mbali, au penye karatasi ya marufuku iliyofunika nusu ya shabaha, anangoja saiti, yaani kilengeo cha juu ya bastola, itulie. Methali ya haraka haraka haina baraka, kwa mchezo huu, ni kweli kuanzia mita 12 hivi kwenda mbele.

Ili uijue risasi iliyokosa bila kungoja kuhesabiwa, jicho libaki kwenye saiti ya mbele mpaka bastola iruke. Mahali saiti ilipokuwa inanyanyuka ndipo risasi ilipokwenda. Anayeharakisha kuchungulia tundu kwenye karatasi hupoteza mara mbili, kwa sababu kichwa kinanyanyuka kabla kidole hakijamaliza kazi, na tundu la milimita 9 halionekani vizuri kutoka mita 15. Kama wewe hutumia mkono wa kulia na zako zinazokosa huangukia chini kushoto, unausukuma mtutu kwa kuogopa kishindo. Mwambie mwenzako akuchanganyie risasi bandia mbili tatu katikati ya magazini wakati wa mazoezi. Ikifika ya bandia, utaiona pua ya bastola ikiinama yenyewe.

"Mwanangu wa miaka 22 anataka kujiunga. Mimi naona ni watu wanaokimbia na bastola zenye risasi. Mnielezee usalama, msinipambie." (Mama, Sanawari, Arusha)

Shikamoo mama. Wanakimbia kweli, na bastola ina risasi kweli, kwa hiyo kanuni ni kali kuliko michezo mingi.

Ndani ya renji, yaani uwanja wa shabaha, bastola ya kila mtu iko kwenye holista na haina kitu. Hakuna anayeitoa ila mbele ya afisa wa renji wakati wa zamu yake, au kwenye meza maalumu ya usalama inayotazama tuta la kuzuia risasi. Kwenye meza hiyo unaweza kusafisha na kufanya mazoezi ya kutoa bastola, lakini risasi haziguswi kabisa, hata za bandia. Anayegusa anaondolewa mashindanoni. Mahali ambapo bastola inashikwa hapana risasi, na mahali ambapo risasi zinapakiwa kwenye magazini bastola haitolewi.

Wakati wa kupiga, mtutu hauruhusiwi kuvuka digrii 90 upande wowote kutoka kwenye tuta la nyuma.  Anayekimbia kuelekea pembeni ndiye anayejisahau, mwili unageuka na mtutu unaufuata. Akivuka mstari, afisa anapaza sauti ya kusimamisha, na siku yake imekwisha. Vivyo hivyo risasi ikitoka bila kukusudiwa wakati wa kupakia, kubadili magazini, kukwamua au kutembea, risasi ikipiga ardhi chini ya mita 3 kutoka alipo, au akipiga chuma akiwa chini ya mita 7, maana vipande vya risasi hurudi. Kidole kinakaa nje ya kifyatulio kila anapotembea bila kulenga. Pombe hakuna. Mbege isubiri jioni.

Kuna kanuni moja ambayo wageni huikosa kwa nia njema. Bastola ikikuponyoka na kuanguka chini, usiiokote. Simama, mwite afisa, aiokote yeye na kuikagua. Anayejiokotea mwenyewe ameondolewa, hata kama ilianguka ikiwa tupu nje ya kozi.

Kuhusu afya, mwulize mwanao mambo mawili. La kwanza ni masikio: mlio wa bastola hupita desibeli 150, na kuanzia 140 mlio mmoja tu unaweza kudhuru. Avae vya kuziba ndani ya sikio na vya kufunika juu kwa pamoja, hasa chini ya paa la bati. La pili ni risasi yenyewe, madini ya risasi. Asile akiwa renji kabla ya kunawa, anawe kwa maji baridi na sabuni, na nguo za siku hiyo zifuliwe peke yake. Miwani ya kinga ni lazima kwa wachezaji na watazamaji pia.

"Nina bastola ya milimita 9, kasha la risasi limeandikwa greni 124 na futi 1,050 kwa sekunde. Zitapita kwenye kipimo?" (Msomaji, Pasua, Moshi)

Kwa namba za kwenye kasha, zinapita kipimo cha nguvu. Uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito) zidisha kwa mwendo wa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000: 124 mara 1,050 ni 130.2. Kiwango cha chini cha nguvu ndogo ni 125. Shida ni kwamba namba ya kwenye kasha mara nyingi imepimwa kwa mtutu mrefu kuliko wako. Mtutu wa inchi 4 au chini yake unaweza kukupunguzia futi 40 au 50, na kwa futi 1,008 tu umebaki na 124.99. Hapo umeanguka.

Utaratibu uko hivi. Maafisa huchukua risasi zako 8. Moja wanaivunja na kuipima uzito kichwa chake, tatu wanazipiga mbele ya kipima mwendo. Wastani usipotosha, wanapiga tatu nyingine na kuchukua tatu zilizokwenda kasi kati ya sita. Ikishindikana bado, ya nane ni chaguo lako: ipigwe, au ivunjwe na kupimwa uzito ukitumaini kichwa kizito zaidi. Ukishindwa kufika 125 unaruhusiwa kuendelea kupiga, lakini bila alama. Aliyejiandikisha nguvu kubwa akapungukiwa hushushwa tu kwenye nguvu ndogo.

Kwa hiyo pima mapema kwa bastola yako mwenyewe, na utafute akiba ya asilimia 3 hadi 5, yaani 129 hadi 131. Pima asubuhi ya baridi. Baruti nyingi hupungua nguvu zikipoa, na risasi zilizopita vizuri mchana wa Februari Moshi zinaweza kulegea asubuhi ya Julai Arusha. Kimo cha mji hakina neno hapa. Kipimo kinawekwa mita chache kutoka kwenye mtutu, hewa nyepesi haijapata nafasi ya kufanya lolote.

Usikimbilie risasi kali zaidi. Ukiwa kundi la Prodakshani, la bastola za kiwandani, kila mtu huhesabiwa nguvu ndogo, hata apige risasi za kuvunja mwamba. Utajiongezea mrusho bure.

"Bastola yangu inakwama kila tukicheza upande wa Kisongo, nyumbani haikwami. Fundi kaishika mara mbili hajaona kosa." (Msomaji, Ngaramtoni)

Anza na magazini. Fundi umempelekea bastola, magazini umebaki nazo mfukoni.

Ukibadili magazini ukiwa mbioni, ile ya zamani inaangukia kwenye vumbi. Vumbi la Kisongo wakati wa kiangazi ni laini kama unga, linaingia kwenye midomo ya magazini na kuganda penye mafuta. Na wengi hupaka magazini mafuta ndani wakidhani wanasaidia. Ndani ya magazini paache pakavu. Baada ya kila kozi piga kitako chake kwenye kiganja, sukuma kisukumio kwa kidole mpaka chini, pitisha brashi ndefu ndani, futa midomo. Jioni fungua kitako utoe springi na kufuta vyote kwa kitambaa kikavu. Angalia springi inaingia kwa upande uleule uliotokea, ikigeuzwa risasi ya kwanza inapinda pua.

Kisha andika namba kwenye kila kitako, 1, 2, 3, 4. Kila inapokwama, andika namba ya magazini na namna ilivyokwama. Ikiwa ni namba 3 kila mara, umeshapata jibu bila fundi. Ikiwa ni zote, soma dalili. Ganda limesimama wima kwenye tundu la slaidi: shiko legelege, risasi dhaifu, au ukucha wa kuvutia ganda umechafuka. Risasi imepiga mlango wa chemba ikagota: magazini au umbo la risasi. Slaidi haikufunga kwa unywele mmoja: chemba chafu, au risasi pana kuliko inavyotakiwa.

Hilo la mwisho linazuilika nyumbani. Fungua bastola utoe mtutu, uinamishe tundu la chemba juu, dondosha kila risasi ya mashindano moja moja. Inayofaa huzama kwa uzito wake na kutoka ukiupindua mtutu. Inayosita itenge kwa mazoezi. Risasi 150 hazimalizi nusu saa.

Na ikikwama katikati ya kozi: piga kitako cha magazini, vuta slaidi kwa nguvu, endelea. Isipokubali, toa magazini, vuta slaidi mara mbili tatu, weka nyingine. Wakati wote huo kidole kiko nje na mtutu unatazama tuta. Wengi wanaoondolewa kwa kosa la kukwamua huwa wameiinamia bastola na kuigeuza kifuani ili waone vizuri.

"Nianze na kundi gani? Nimeshawishiwa ninunue ya nukta nyekundu." (Dada, Shanty Town, Moshi)

Anza na bastola uliyonayo kama inakubalika Prodakshani: ya kiwandani bila marekebisho makubwa, saiti za kawaida, kila magazini isizidi risasi 15. Nukta nyekundu, yaani saiti ya kioo yenye nukta inayong'aa, ina kundi lake la jirani na si mbaya, macho yaliyopita miaka 45 huishukuru. Ila mgeni huipoteza nukta kila anapotoa bastola na kuanza kuizungusha akiitafuta, na huo ni ugonjwa wa mikono usiotibiwa na kioo. Fedha za nukta zinunulie magazini ziwe tano na mkanda mgumu usiopinda. Holista lazima ifunike kifyatulio.

"Ninaipangaje kozi ndefu? Nikifika katikati nasahau nimepiga nini." (Msomaji, Usa River)

Kozi ndefu ina risasi zisizozidi 32, ya kati 24, fupi 12. Dakika chache mnazopewa kutembea ndani yake zina kazi tatu tu. Ya kwanza ni kuhesabu shabaha zote ukiwa nje, kwa karatasi ya maelezo, halafu kuzitafuta zote ndani. Ikipungua moja, kuna dirisha hujachungulia. Kusahau karatasi ya risasi mbili ni alama 30 za kukatwa, kumi kwa kila risasi na kumi za kutoipiga kabisa, na 10 za A ulizozikosa.

Ya pili ni magazini. Tuseme kozi ina risasi 28 katika vituo vinne: 8, 6, 8, 6. Ukiwa na 15, vituo viwili vya kwanza vinakula 14 na kukuachia moja ya akiba. Chuma kimoja kikigoma kuanguka, umeishiwa ukiwa umesimama. Badili kila unapohama kituo, hata kama magazini imebaki na saba. Kubadili ukitembea hatua nne hakuongezi muda, kubadili ukiwa umesimama huchukua sekunde mbili na zaidi kwa mgeni. Ukigundua unahitaji magazini tano na mkanda una nne, unganisha vituo viwili ambavyo vyote ni karatasi za karibu, usiunganishe penye vyuma.

Ya tatu ni miguu. Chagua alama ardhini, jiwe au fundo la ubao, ambapo ukisimama unaona shabaha zote za kituo hicho bila kuchuchumaa upya. Halafu fumba macho upige kozi nzima kichwani, kwa mpangilio, mara kadhaa. Ukikwama kichwani utakwama na uwanjani. Zamu yako ikikaribia usibadili mpango kwa sababu fulani kapita njia nyingine. Mpango mbovu unaoukumbuka una thamani kuliko mzuri uliouona dakika mbili zilizopita.

"Sina bastola wala leseni. Ninaweza kuanzaje?" (Kijana, Majengo, Moshi)

Silaha bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni ni kazi ya polisi. Kituo cha wilaya yako kitakupa masharti na viambatanisho. Usimsikilize wa kukuazimisha ukafanyie mazoezi shambani.

Kwenye mashindano kuna kazi isiyohitaji leseni na ambayo haina watu wa kutosha: kubandika stika kwenye matundu, kusimamisha vyuma, kushika fomu ya alama. Nenda na miwani, vikinga masikio, kofia. Ukibandika karatasi kwa siku moja utaona makosa ya washindani kwa karibu kuliko wao wenyewe. Jambo moja: usibandike kabla afisa hajaisoma karatasi. Tundu likifunikwa mapema, mshindani anaweza kulazimika kurudia kozi nzima, na atakutazama vibaya mpaka jioni.

"Tunaalikwa nje ya nchi, tunapandia ndege KIA. Risasi ngapi nibebe?" (Msomaji, Tengeru)

Kanuni ya kimataifa ya mizigo ni kilo 5 pamoja na vifungashio kwa abiria mmoja, kwenye mzigo unaoandikishwa, kwa idhini ya shirika la ndege iliyoombwa kabla. Baadhi ya mashirika hukataa kabisa, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tiketi. Risasi ya milimita 9 ya greni 124 ina uzito wa gramu 12 hivi. Ukitoa uzito wa kasha la plastiki utaingiza kama 380. Mashindano ya kozi 12, yaani fupi 6, za kati 4 na ndefu 2, hayazidi risasi 232 kwa hesabu ya juu kabisa. Ongeza 8 za kipimo na 50 za marudio, bado una nafasi. Vibali vya polisi vya nchi zote mbili viwe mkononi kwa maandishi, namba ya bastola ikiwa imeandikwa sawasawa na iliyochongwa kwenye chuma. Tarakimu moja ikipishana mtalala mpakani, na hili ni kwa wanaopitia Namanga kwa gari vilevile.

"Masika mnachezaje?" (Msomaji, Rau, Moshi)

Kila karatasi inavikwa mfuko wa plastiki angavu, mdomo wa mfuko ukitazama chini ili maji yasijae. Stika hazishiki kwenye plastiki yenye maji, kwa hiyo mfuko huvuliwa, karatasi hubandikwa, mfuko hurudishwa. Mfuko wenye matundu mengi ubadilishwe, maana maji yakipenya karatasi inavimba, tundu linajifunga na mtu anaandikiwa amekosa. Karatasi zote za kozi moja zivikwe au zote ziachwe, ili washindani wapate hali moja. Njia ya kukimbilia imwagiwe kokoto au pumba za mpunga, na kama afisa anaona miguu inateleza, kozi isimamishwe mpaka ikauke.